Bunduki Ambayo Baba ya Babu Hakuwahi Kushika

Wasee, leo sina video. Leo ni posti ndefu, na inaanza na kuomba msamaha.

Mwaka jana niliweka video fupi nikisema baba ya babu yangu alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Nilisema alikuwa askari wa Keya. Kama hujui, Keya ni vile watu wa magharibi walivyotamka KAR, jeshi la King's African Rifles. Nilisema alishika bunduki, alipigana na Wajerumani, akarudi Bungoma na medali ambayo ilipotea baadaye. Niliweka muziki wa nguvu, nikaweka picha ya askari fulani niliyetoa kwa intaneti. Watu walipenda. Mlinijazia mioyo kwa komenti. Mmoja aliandika, "Damu ya shujaa." Nilijiskia manze.

Hakuna kitu nilitunga. Hiyo stori nilipewa na mzae wangu, naye alipewa na ndugu zake wakubwa. Kila harusi na kila matanga ya kwetu lazima mtu aitaje ile bunduki.

Sasa, senge yangu anasuka nywele Kenyatta Market. Wale mnajua hiyo soko mnajua vile iko: ukishuka Mbagathi Way, kabla hujaona kibanda chochote, moshi wa nyama choma umeshakukaribisha, halafu kabla ufikie nyama, wasusi kumi wamekushika mkono wakikuuliza unataka laini gani. Kukhu wangu, mama ya mzae, huja Nairobi kwa kliniki hapo hospitali kuu karibu, na akimaliza anaketi kwa kibanda cha senge akingoja mtu wa kumpeleka nyumbani. Siku moja nilienda kumchukua. Senge, kwa kujivunia mimi, akamwonyesha ile video kwa simu.

Kukhu aliangalia yote. Akarudisha simu polepole. Akasema, "Mzee, umeambia watu uongo."

Ananiitanga mzee tangu nikiwa mtoto kwa sababu nimepewa jina la baba mkwe wake. Hajawahi kutamka hilo jina. Si langu, si lake huyo mzee. Ni heshima ya wakati wao: bibi ya kijana hawezi tamka jina la baba mkwe, hawezi kaa naye meza moja, hata kumsalimia kwa mkono ni shida. Lakini ndiye mtu wa pekee aliye hai ambaye alipikia huyo mzee. Aliolewa kwa hiyo boma mwanzo wa miaka ya sitini, na mzee alikuwa bado yuko.

Nikamuuliza, "Uongo gani, Kukhu?"

"Hiyo bunduki. Nani alikuambia alishika bunduki? Alibeba unga."

Mimi na senge tuliangaliana. Mteja aliyekuwa anasukwa alisimamisha kutafuna chingamu.

Tuanze mwanzo basi, kwa sababu kuna mambo nilipaswa kujua kabla sijachapa ile video.

Huyo mzee hakuwa na siku ya kuzaliwa. Alikuwa na rika. Sisi Wabukusu tunatahiri Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila rika lina jina. Majina yako manane, yanazunguka, na mzunguko mmoja unachukua karibu miaka 100. Yeye alikuwa Kikwameti, lile rika la 1912 hadi 1922. Kwa hivyo alizaliwa miaka ya 1890 katikati, wakati ule Waingereza walikuja kupiga Wabukusu kwenye ngome za Lumboka na Chetambe, mwaka wa 1895. Chetambe iko hapo juu ya Webuye, unaweza enda hata kesho. Waingereza walikuja na bunduki ya Maxim, na askari wengi waliotumia walikuwa Wasudani. Kumbuka hao Wasudani, tutawarudia.

Alikua katika nchi iliyoshindwa. Reli ilifika Kisumu 1901. Kodi ya nyumba ikaja, na kodi ililipwa kwa pesa, na pesa ilipatikana kwa kufanyia mtu mwingine kazi. Machifu waliwekwa kutoka nje, wengi kutoka kwa Wawanga wa Mumia. Huyo kijana alipotahiriwa, serikali ilikuwa tayari inajua njia ya kufika kwa mlango wa baba yake.

Mwaka wa 1914 vita vilianza Ulaya. Huku kwetu viligeuka vita kati ya British East Africa, ambayo ndiyo Kenya ya leo, na German East Africa, ambayo sehemu kubwa ndiyo Tanzania bara. Mjerumani mkuu wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua hawezi kushinda, kwa hivyo mpango wake ulikuwa kukimbia ili Waingereza wamfuate. Na walimfuata miaka minne, kutoka Taveta hadi Rufiji, hadi Lindi, hadi ndani ya Msumbiji, hadi akajisalimisha Abercorn, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Hiyo ni wiki mbili baada ya vita kuisha Ulaya.

Sasa jiulize swali ambalo mimi sikujiuliza nikitengeneza video. Jeshi linakula nini msituni miaka minne? Risasi zinafikaje huko? Reli haikufika. Malori yalikuwa machache na barabara hakuna. Farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni mgongo na kichwa cha mtu.

Ndiyo maana kulikuwa na Carrier Corps. Kwa midomo ya watu ikawa Kariakoo. Kila ukienda Kariokor kununua kiondo ama kula ugali na choma, unataja jina la wapagazi hao, kwa sababu kambi yao ilikuwa hapo. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina lilelile.

Mwanzoni wengine walikubali wenyewe. Halafu habari zikarudi nyumbani, ama watu hawakurudi, na kukubali kukaisha. Sheria ya 1915 iliruhusu serikali kuchukua watu kwa lazima. Mwaka wa 1917 ukawa mbaya zaidi. Jeshi lilitaka wapagazi wengi kwa haraka kwa vita vya kusini, na John Ainsworth akapewa kazi ya kuwapata. Kila wilaya ilipewa idadi, wilaya ikawapa machifu idadi, na machifu wakatafuta miili. Unafikiri chifu alianza na watoto wake? Alianza na wale hawakuwa na mtu wa kuwatetea.

Kukhu anasema mzee alishikwa usiku, kwa nyumba ya rafiki, na alifungwa kamba na wengine hadi kituoni. Hakujitolea. Hakuenda kutafuta Mjerumani. Mjerumani hata hakumjua.

Kutoka Kenya pekee walichukuliwa watu zaidi ya 150,000. Mzigo ulikuwa karibu kilo 25, mbali na vitu vya mtu mwenyewe. Mshahara wa wale waliolazimishwa ulikuwa rupia tano au sita kwa mwezi, chini sana ya askari. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Rekodi rasmi zinahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wa Waingereza, na wanahistoria wengi wanakadiria walikaribia 100,000. Chukua Kasarani ikiwa imejaa pomoni, bado unatafuta viti.

Na hapa ndipo Kukhu alinimaliza.

Alisema alipoolewa, kazi yake ya kwanza ilikuwa kupikia boma. Ugali wa mzee ulipelekwa na mtoto, kwa sababu yeye mwenyewe hangeweza kumkaribia. Na ugali ulikuwa unarudi. Mtoto anarudi na sahani: "Mzee amesema haijaiva." Anarudisha kwa moto, anasonga, anapeleka. Inarudi tena. Alilia. Alidhani mzee hampendi, alidhani anatafutiwa sababu ya kurudishwa kwao. Mama mkwe ndiye alimwambia: "Si wewe. Hata mimi alinirudishia miaka mingi. Huko alikoenda, unga mbichi uliua watu."

Nilienda kutafuta kusoma. Ni kweli kabisa. Watu wa kwetu walikuwa wamezoea wimbi na mtama. Jeshi likawapa unga wa mahindi, ulioparazwa vibaya, na mtu ametembea siku nzima, sufuria hakuna ya kutosha, kuni zimelowa, muda wa kupika hakuna. Wakala ukiwa nusu mbichi. Matumbo yakaharibika, na ukishaanza kuhara damu na bado kesho unabebeshwa kilo 25, hesabu yako imeisha. Madaktari wa jeshi wenyewe waliandika kuhusu chakula hicho.

Kwa hivyo miaka zaidi ya 40 baadaye, mzee mmoja pale Bungoma alikuwa bado anabonyeza ugali kwa kidole kabla ya kula. Hiyo ndiyo medali yake. Hiyo haikupotea. Kukhu mpaka leo anasonga ugali hadi mkono unauma, na mzae wangu akila ugali laini kwa hoteli analalamika bila kujua anarithi nini.

Aliporudi je? Kuna mambo matatu.

La kwanza, kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 lakini ilianza kutumika vita vilipoisha, 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ndani ya kikopo cha chuma, akavaa shingoni. Ukiacha kazi bila ruhusa, karatasi inakuchongea. Mtu alikuwa amebeba mizigo ya Mfalme, akarudi akavalishwa kama ng'ombe mwenye kengele. Hicho kipande ni moja ya vitu vilivyofanya Harry Thuku asimame, na alipokamatwa, watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi hapa Nairobi tarehe 16 Machi 1922, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele. Na sisi mpaka leo ID tunaiita kipande. Tunacheka nayo.

La pili, mshahara. Maelfu ya waliokufa, pesa zao hazikufika kwa familia. Zilijulikana, zilihesabiwa, na hazikulipwa.

La tatu, ardhi. Hapa nataka uweke hawa watu kwa mstari mmoja uone.

Mzungu aliyekuwa askari: mwaka wa 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi wazungu waliomaliza vita. Mengi yalikuwa Trans Nzoia, hapo tu ukivuka kutoka kwetu. Baba ya babu alienda kutafuta kazi huko akawa skwota. Sheria ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sijui mwenye shamba alipigana wapi, lakini nafikiria uwezekano kwamba unga aliokula vitani ulipita kichwani mwa huyu anayemlimia.

Askari Msudani, wale niliwaambia mkumbuke: hao ndio Wanubi. Baada ya kutumikia waliwekwa Kibra, na mwaka wa 1918 ikatangazwa rasmi, ekari 4,197. Lakini bila hati. Mji ukaja ukamega pole pole. Walipata hati 2017, ya ekari 288. Kenyatta Market iko hapo hapo mlangoni mwa Kibra. Senge akitoka kibandani jioni, dakika chache ako kwa ardhi iliyotolewa kama asante kwa askari, halafu ikanyang'anywa.

Mpagazi: hakuna kitu. Hata ahadi ya uongo hakupewa.

Sasa, hili jina Kenyatta. Soko Kenyatta, hospitali Kenyatta, barabara Kenyatta, noti za zamani Kenyatta. Unajua Jomo Kenyatta alikuwa wapi 1917? Wakati huo akiitwa Johnstone Kamau, kijana rika moja na mzee wetu kwa umri. Alienda Narok kukaa na Wamasai, na sababu moja kubwa ilikuwa kukwepa kuchukuliwa Kariakoo. Simlaumu hata kidogo. Alifanya kitu cha akili, na mzee wetu angekuwa na jamaa Narok angefanya hivyo hivyo. Nasema tu: aliyekwepa ana jina kila mahali tunapoenda. Walioshikwa, jina lao liko kwa Kariokor, na hata hilo si jina la mtu. Ni jina la mzigo.

Na ukipita Kenyatta Avenue kwa mat, kuna sanamu tatu za shaba, watu wengi hupiga selfi bila kusoma. Ziliwekwa 1928. Mmoja wao ni mpagazi. Maneno ya chini yake yanaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watakumbuka jina lako. Nilisimama hapo nikazunguka mara mbili nikitafuta majina. Hakuna hata moja. Mwaka wa 2021, ile tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti yake yenyewe ikakubali kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao, ama hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda wakafika 350,000. Ukienda yale makaburi ya vita ya Ngong Road utaona vile inafanywa ikitakiwa: jiwe la kila mtu, jina, nyasi zimekatwa. Hao ni wa vita vya pili.

Nilipomwambia mzae haya yote alikasirika. Alisema, "Unamshusha mzee. Miaka yote ni askari, leo wewe na simu yako umemfanya hamali." Nilinyamaza, kwa sababu ni babangu. Lakini nimefikiria sana hilo neno.

Naelewa mbona bunduki ilitungwa. Fikiria wewe ndiye kijana wa huyo mzee, 1940s, unaulizwa baba yako alifanya nini vitani. Useme alifungwa kamba? Useme alihara njiani? Askari alirudi na kofia na heshima, na wengine wakawa machifu. Kwa hivyo mtu mmoja aliongeza bunduki, mwingine akaongeza medali, na mimi nikaongeza muziki. Sisi sote tulitaka kumpandisha. Lakini kila tukimpandisha tulikuwa tunasema kimya kimya kwamba vile alikuwa haitoshi.

Na hapo ndipo nakataa, hata na mzae. Hamali ndiye aliyeendesha hivyo vita. Toa askari mmoja, jeshi linaendelea. Toa wapagazi, kila mtu anakufa njaa kwa wiki moja, pamoja na jenerali. Aibu si ya aliyefungwa kamba. Ni ya aliyefunga, na aliyeandika idadi kwenye karatasi bila kuandika majina.

Pia kuna kitu kibaya kinaendelea siku hizi na sisi tunaotengeneza kontenti. Kila mtu babu yake alikuwa Mau Mau jenerali. Kila mtu anatoka ukoo wa wafalme. Kama wote walikuwa majenerali, nani alibeba chakula msituni? Nani alilima? Nani alishikwa usiku? Wengi wetu ni watoto wa watu walioshikwa, walionyamaza, waliotoroka, waliorudi wakabonyeza ugali kwa kidole. Hiyo historia ndiyo yetu, na ndiyo inapotea, kwa sababu haipendezi kwa video ya sekunde 30.

Ile video nimeitoa. Watu wameuliza iko wapi, jibu ni hili.

Mimi nilitahiriwa 2014. Hesabu za rika zilikuwa zimezunguka zikarudi palepale, kwa hivyo mimi pia ni Kikwameti. Jina lake, rika lake, miaka 100 katikati. Sijawahi kubeba kitu kizito kuliko mtungi wa gesi.

Wengine mtauliza mbona sijaandika jina lake hapa, baada ya kelele zote za majina. Nilimuuliza Kukhu kama naweza. Alifikiria, akasema liandikwe kwanza nyumbani, kwa kaburi lake, ambalo mpaka leo ni mawe tu na mti. Sisi wajukuu tunachanga, tumefika karibu nusu ya pesa ya fundi. Mzae bado hajanipigia simu, lakini alitumia senge mchango wake kwa M-Pesa, na ujumbe mfupi: "Waandike Kariakoo."

Wewe kama bado una shosho, kukhu, dani, cucu, susu, usimuulize kama mzee alikuwa shujaa. Muulize alikula nini, na nini alikataa kula. Washa rekodi ya simu, weka mfukoni, nunua nyama robo, halafu nyamaza.